Kusevu pesa ya likizo ukiwa Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu huniuliza kila mara wakisikia mambo ya safari, sana sana wale wako na familia na wanataka kupeleka watoto Mombasa angalau waone bahari. Mifano mingi hapa ni ya kutoka Nairobi kwenda Pwani ju huko ndio wengi wanataka, lakini hesabu ni ile ile hata ukienda Kisumu. Mtu akifanya kazi mwaka mzima anastahili kupumzika, na apumzike bila deni, hiyo ndio sababu naandika.

Nianze kuweka pesa kwanza ama nianze kupanga safari?

Anza na bei ya safari nzima. Wengi huanza kuweka "chochote kitabaki" na kusema ukweli mwezi wa Nairobi haubakishi kitu, kodi inakuja, tokeni za stima, maji, shule, kwa hivyo miezi inapita na wanasema kusevu ni ngumu kumbe hawakuwa wanajua wanatafuta ngapi na wanaitaka lini. Chukua karatasi, andika mnaenda wapi, mko wangapi, mnalala usiku ngapi, alafu piga bei ya kila kitu mpaka maji ya kunywa. Ukishapata hiyo namba pamoja na tarehe, kusevu kunakuwa kama kulipa bili, unajua kila mwezi unadaiwa ngapi na unadaiwa na nani, na ni wewe mwenyewe.

Sawa, familia ya watu wanne kwenda Mombasa inakula ngapi?

Inategemea mnapenda maisha gani, lakini wacha tupige hesabu ya kawaida. Baba, mama na watoto wawili wa chini ya miaka 12, siku tano, usiku nne. SGR, ile treni ya Nairobi mpaka Mombasa, behewa la kawaida ni 1,500 kwa mtu mzima tangu nauli ipandishwe Januari 2024, na mtoto wa miaka 3 mpaka 11 analipa nusu, kwa hivyo kwenda na kurudi nyote wanne ni 9,000. Nyumba ya kupanga iko na jikoni, Bamburi ama Mtwapa, tuseme umepata ya 4,500 kwa usiku, hiyo ni 18,000. Chakula, kama mnapika asubuhi na jioni alafu mchana mnakula nje, weka 2,500 kwa siku, 12,500. Tuktuk na matatu za kuzunguka 5,000. Matembezi, yaani Fort Jesus, Haller Park, boti na ice cream za watoto, 6,000.

Sasa kuna hii ambayo watu husahau kabisa. Treni haikutoi kwako na haikufikishi mjini. Inaanzia Syokimau na inaishia Miritini, na kutoka Miritini mpaka Bamburi uko na mabegi na watoto wamechoka, na ukichukua ile ya saa tisa mchana mnafika usiku, hapo hutataka kuhangaika na matatu mbili, utaita teksi. Weka 3,000 ya kutoka nyumbani mpaka stesheni na kutoka stesheni mpaka nyumba, kwenda na kurudi. Ukitaka kupunguza, kuna treni ya abiria inatoka stesheni ya mjini hapa Nairobi mpaka Syokimau, ni rahisi kuliko teksi na haishiki jam ya Mombasa Road.

Jumla inakuwa 53,500. Ongeza kama asilimia kumi ya dharura ju mtoto anaeza pata homa ama simu ianguke kwa maji, inafika karibu 59,000. Iite 60,000. Najua iko juu ukiisoma hivyo, lakini heri ikushtue sai ukiwa nyumbani kuliko ikushtue ukiwa Mtwapa.

60,000 nitatoa wapi mimi?

Gawanya. Kwa miezi 10 hiyo ni 6,000 kwa mwezi, ama kama 1,400 kwa wiki, ama 200 kwa siku. Kama mko wawili mnafanya kazi kila mtu anatafuta 3,000 kwa mwezi. Ukianza Januari unamaliza Oktoba na shule zikifunga uko tayari. Kama 200 kwa siku bado ni nyingi, usijilazimishe ukate chakula cha nyumba, ongeza muda iwe miezi 15 ama punguza safari iwe usiku tatu. Safari kubadilisha tarehe si aibu hata kidogo.

Pesa niweke wapi isiliwe?

Hili ndio swali kubwa kuliko yote, na nitakaa hapa kidogo.

M-Pesa ya kawaida usiweke, kabisa. Pesa ikiwa kwa ile laini unatumia kila siku haina jina, ni pesa tu, na saa mbili usiku ukiwa na njaa ama kuna mtu amepiga simu analia shida, itatoka na hutajua ilienda lini. Pesa ya safari inataka ikae mahali ambapo kuitoa kunachukua muda ama kunataka uongee na mtu. Ukilala ukaamka, ile haraka ya jana mara nyingi imeisha.

M-Shwari, ile akaunti ya kusevu ndani ya M-Pesa, iko na sehemu ya kufunga, unaweka kiasi na muda, na kuhamisha kutoka M-Pesa haikatwi ada. Ni nzuri kwa mtu wa kuanza ju hakuna fomu ya kujaza, uko nayo kwa simu tayari. Hiyo pesa inakaa benki, na amana za benki hapa Kenya zina bima ya mpaka 500,000 kama benki ikianguka.

MMF, hizi hazina za soko la fedha ambazo kila mtu anaongelea sai, yaani kampuni inakusanya pesa za watu wengi na kuziwekeza, ni nzuri pia. Nyingi unaanza na pesa kidogo na ukitaka kutoa inachukua kama siku moja mpaka tatu za kazi, lakini angalia kwanza ju zingine zinatoa papo hapo na hizo kwa mtu mwenye mkono mwepesi ni kama M-Pesa tu. Hakikisha kampuni imeidhinishwa na Capital Markets Authority, mamlaka ya serikali inayosimamia uwekezaji kama huu, na ujue ile bima ya benki haifiki huku. Alafu usidanganyike na faida. Tuseme inalipa asilimia 10 kwa mwaka na wewe unaweka 6,000 kila mwezi kwa miezi 10, faida yako itakuwa kama elfu mbili na kitu baada ya kukatwa ile kodi ya asilimia 15. Si mbaya, ni siku moja ya chakula karibu, lakini safari yako italipwa na zile 6,000 za kila mwezi. Kwa hivyo usipoteze wiki mbili ukilinganisha nani analipa asilimia ngapi na hujaweka hata shilingi.

Sacco hapa kuna mtego watu hawauoni. Zile amana ambazo zinakusaidia kukopa mara tatu ya ulichoweka hazitoki ukitaka, mpaka ujiondoe uanachama, na hiyo inachukua siku kama 60 baada ya notisi. Usiweke pesa ya likizo huko. Lakini sacco nyingi ziko na akaunti ya pembeni ya likizo ama ya Krismasi, inafungwa mpaka Novemba ama Disemba, na hiyo kwa maoni yangu ndio bora kabisa kwa mtu wa mshahara ju inakatwa kabla hujaiona. Uliza sacco yako, kuna wanachama wako huko miaka mingi na hawajui iko.

Kibubu cha mbao kile fundi anauza kando ya barabara, kinafaa kwa noti za mia mbili mbili na watoto wanakipenda. Nyumba ikiingiliwa basi imeenda. Kijaze, kipasue kila baada ya miezi miwili mitatu upeleke pesa benki.

Mimi ni wa biashara, sina mshahara, siku zingine narudi na sifuri

Basi usijipangie kwa mwezi. Jipangie kwa siku ya mauzo. Mama mboga, mtu wa boda, kinyozi, nyinyi mko na kitu mtu wa ofisi hana, pesa inaingia kila siku, na 200 ikitoka jioni kabla haijachanganyika na ya kesho ya kununua stoki sokoni Marikiti huisikii sana. Toa ya stoki kwanza, alafu ya nyumba, alafu ya safari, na siku mbaya usiweke, siku ya mwisho wa mwezi watu wakiwa na pesa weka 500 ama thao, yaani elfu moja. Chenye kinaumiza wafanyabiashara ni kuweka ya safari na ya stoki kwa laini moja, nyanya ikipanda bei unachukua "kidogo tu" na haurudishi. Chukua laini nyingine kabisa, mwachie mtu wa nyumbani unayemwamini, wewe unatuma tu.

Nimejaribu, mshahara unaisha tarehe kumi. Nikate wapi?

Kwanza angalia payslip vizuri, ju watu huhesabu mshahara ule wa barua ya kazi. Ukitoa PAYE ya kodi ya mapato, NSSF ya uzeeni, SHIF ya matibabu asilimia 2.75 na ile tozo ya nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, hiyo inabaki ndio pesa yako, panga na hiyo.

Alafu fungua mesej za M-Pesa za mwezi uliopita, zote, na uandike. Sisemi uache chai ya saa nne. Angalia vitu vitatu ndio hula watu wa Nairobi kimya kimya: kubeti, mikopo ya simu, na Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio likipungua. Fuliza inakata ada kila siku mpaka ulipe, kwa hivyo mtu anakopa ya nauli Jumatatu na anailipa Ijumaa na anafanya hivyo kila wiki, mwisho wa mwezi ametoa pesa ambayo hakuiona ikienda. Kama uko na madeni ya hivyo, lipa hayo kwanza kabisa, hata kama safari itasonga mwaka ujao. Baada ya hapo ndio uangalie chakula cha kuletewa, bando, na kununua vitu moja moja dukani wakati ungeenda soko la Wakulima ama Muthurwa Jumamosi asubuhi ununue za wiki.

Na familia? Kila mwezi kuna mchango

Hii inaniuma ju najua ilivyo. Ukiwa wewe ndio uko Nairobi, ushago wanajua uko na pesa. Kuna matanga, kuna harusi, kuna bili ya hospitali, kuna karo ya binamu, na kila moja imefunguliwa grupu ya WhatsApp na jina lako liko kwa listi. Siwezi kukuambia usisaidie, sisi ndio sisi, na kesho itakuwa wewe unasaidiwa.

Chenye naweza kusema ni hiki. Weka kiasi cha mwezi cha kusaidia, kama ni 2,000 ni 2,000, iwe kwenye bajeti kama kodi. Mchango ukija unatoa humo. Ikiisha unasema ukweli kwa heshima, "mjomba, mwezi huu nimefika mwisho, nitaongeza tarehe tano", na mjomba ataelewa zaidi ya vile unafikiria. Ugonjwa wa mzazi ama mtoto, hiyo ni kitu kingine, hiyo pesa ya safari itoe yote bila kuwaza mara mbili, bahari haiendi popote. Lakini usitangaze safari kwa kila mtu miezi minane kabla. Pesa ikijulikana iko, itapata kazi.

Watoto niwaambie lini?

Mapema. Najua wengi huogopa kuwaambia ikikosa kufanyika, lakini mtoto wa miaka saba akijua tunaweka pesa ya kuona bahari ataacha mwenyewe kuitisha soda kila duka, na atakukumbusha. Chora mistari kumi kwa karatasi mbandike kwa friji ama ukutani, kila mwezi mnapaka rangi mmoja.

Chama cha safari kinafaa?

Kinafaa sana kama mnaheshimiana, na kinaeza vunja urafiki kama hamkuandika sheria. Tofauti na ule mzunguko wa kawaida ambapo kila mwezi mmoja anakula, huku pesa inakaa mpaka mwisho, kwa hivyo inakuwa nyingi na inakaa muda mrefu mikononi mwa mtu. Isikae kwa simu ya mweka hazina. Fungueni akaunti ya kikundi, watu watatu waweke sahihi, na taarifa ya akaunti itumwe kwa grupu kila mwezi bila mtu kuomba.

Maswali ambayo lazima yajibiwe siku ya kwanza: mtu akitoka katikati anarudishiwa ngapi na lini, mtu akichelewa anatozwa nini, na mtu akikosa kumaliza siku ya kununua tiketi inakuwaje. Yaandikwe, kila mtu aweke sahihi. Mkiyaongelea wakati hakuna shida hakuna mtu atakasirika. Pia kubalianeni mapema kiwango cha hoteli, ju hapo ndio vita huanzia, mmoja anataka Diani ya mbele ya bahari na mwingine alikuwa anafikiria nyumba ya Ukunda.

Si nikope tu niende, nilipe polepole?

Hapana. Safari ni siku tano, mkopo ni miezi sita, na utakuwa unalipa Januari na Februari wakati karo na yunifomu zinakungoja mlangoni. Lakini kulipa hoteli ama wakala wa safari kidogo kidogo KABLA ya kwenda, hiyo ni sawa, ni kama kusevu kwao, bora wawe watu wa kweli.

Nitajuaje ni watu wa kweli?

Wakala awe na leseni ya Tourism Regulatory Authority, na wengi wazuri pia ni wanachama wa KATA, chama cha mawakala wa safari. Omba namba ya leseni na uthibitishe. Malipo yaende kwa jina la biashara, ukiona ni namba ya mtu binafsi simama.

Za nyumba za kupanga ndio mbaya zaidi, sana sana Novemba na Disemba. Picha nzuri ya Diani, bei nusu ya wengine, anakuambia kuna mtu mwingine anaitaka tuma deposit sasa hivi, ukituma anakublok. Mwambie akupigie video akiwa ndani ya nyumba, afungue friji, atoke nje aonyeshe geti. Mwenye nyumba hakatai. Kama unajua mtu yeyote anaishi huko mwombe apitie. Pesa umeweka miezi kumi isipotee kwa dakika moja, tafadhali.

Mwezi gani ni nafuu?

Kwa Pwani, baada ya Pasaka mpaka Juni. Ni msimu wa mvua ndefu, hoteli zinashusha bei na zingine zinafunga Mei kufanya ukarabati. Mvua ya Pwani mara nyingi inanyesha inaacha, lakini bahari inaeza kuchafuka na mwani ukajaa ufuoni, ujue hivyo. Kama uko na watoto wa shule unabaki na likizo za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Hapo ujanja ni kwenda mara tu shule zikifunga, mwisho wa Oktoba ama Novemba mwanzo, kabla wale wa Krismasi hawajaanza, ju kuanzia Disemba 20 hivi kila kitu kinapanda. Maasai Mara nayo usiipange Agosti kama unatafuta bei ya chini, nyumbu wakiwa huko kati ya Julai na Oktoba ndio dunia yote imekuja.

Na likizo ya kazi ombeni mapema. Sheria ya ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku 21 za kazi zenye malipo baada ya kila miezi 12, ni haki yako.

SGR, basi ama ndege?

Kwa familia SGR. Tiketi unanunua kwa simu *639# ama kwa mtandao, na inataka namba ya kitambulisho. Za Disemba zinaisha haraka, nunua ya kwenda na ya kurudi siku moja, kuna watu hukwama Mombasa na wamebaki na pesa ya nauli tu. Fika mapema, kama saa moja na nusu kabla, ju mizigo inapangwa chini kwa mstari mbwa wainuse kabla ya kuingia, na treni haingoji mtu. Basi ni nzuri kama unataka kushukishwa karibu na mnapolala ama tiketi za treni zimeisha. Ndege kutoka uwanja wa Wilson hapa Nairobi mpaka Ukunda inakuweka Diani bila kupitia feri ya Likoni, lakini kwa watu wanne bei yake ni safari nyingine nzima.

Muda umefika na nimefikisha nusu tu

Nenda safari ya nusu. Nasema hivi kwa dhati, ju watu wakikosa kufikisha huona wameshindwa na ile 30,000 inaliwa na vitu vya nyumba mpaka iishe. Naivasha iko kama kilomita 90 kutoka hapa, matatu unapanda Nyamakima, mnalala usiku mbili, mnakodi baiskeli mwingie Hell's Gate mpite karibu na punda milia na twiga bila gari. Watoto hawatasahau. Ama pesa iache imefungwa mpaka Aprili, hiyo pia ni sawa.

Na Zanzibar?

Ongeza pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwa kila mtu pamoja na watoto, na uanze kuzitafuta miezi kadhaa kabla. Uganda na Rwanda Mkenya mtu mzima anaingia na kitambulisho badala ya pasipoti, kwa hivyo kwa safari ya kwanza nje ya nchi Kampala kwa basi ni rahisi zaidi.

Nikifika huko nitumieje isiishe siku ya pili?

Igawanye kwa siku kabla hujapanda treni. Ya nyumba iwe imelipwa, tiketi za kurudi ziko, ya chakula nunua vitu vya siku mbili sokoni siku ya kwanza, Kongowea ni soko kubwa na samaki na matunda bei ni nzuri kuliko supamaketi. Ya matembezi kila asubuhi hamisha ya siku hiyo tu kwa M-Pesa. Kwa ufuo watakuja na boti, ngamia, kusuka nywele, shanga. Ni watu wanatafuta riziki, ongea nao vizuri, salimia kwanza, lakini bei mkubaliane kabla ya kupanda na muulize ni ya mtu mmoja ama ya boti yote, ju hapo ndio watu wa bara huumizwa. Na ile 1,500 ya kwenda Miritini na ya kutoka Syokimau siku ya kurudi, iache kwa simu ya mwenzako asiiguse.